Dakika ya Mzee Nzau

Jumapili moja huko Mowlem, Mzee Nzau alikuwa kando ya uwanja akila yai la kuchemsha na kachumbari, refa alipopuliza filimbi watu wasimame kimya dakika moja kumkumbuka marehemu Nzau, kipa mkongwe wa mtaa, yaani yeye mwenyewe. Aliyekufa alikuwa Nzau mwingine, wa Machakos, ambaye hakuwahi kudaka hata chungwa. Mzee aliona si adabu kuwaaibisha watu mbele ya timu ngeni. Akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa. Jirani akampa mkono wa pole.

Filimbi ya pili ilipolia, kelele ziliwarudia wote isipokuwa yeye. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Daktari mmoja Eastleigh alimmulika kooni, akamgeukia Wavinya, bintiye.

"Koo iko sawa. Ni ile dakika bado haijamwisha."

"Si unipatie dawa?"

"Hii si ugonjwa, madam. Ni heshima."

Lingekuwa jambo dogo, maana Nzau hakuwahi kuwa mwongeaji. Lakini ni yeye tu aliyebaki kati ya walioshuhudia uwanja ule ukikabidhiwa watoto wa mtaa, na sasa Muriuki, mwenyekiti wa timu, alikuwa ameuuza na mabati yalishaanza kuzungushwa. Kortini, alikoitwa kutoa ushahidi, Nzau alisimama akichezesha midomo. Wavinya akaomba baba yake aandike.

"Mheshimiwa, huyu tulishamwombolezea," wakili wa Muriuki alisema.

Hakimu aliona hoja ina uzito.

Nzau alikufa kabla ya mvua. Ibada ilifanyiwa nje ya mabati, kwa kuwa ndani hapakuwa na ruhusa. Muriuki akaomba dakika moja ya kimya, na watu walipoinama, sauti ya Nzau ikatoka jenezani, tulivu. Ikamtaja aliyekabidhi uwanja, na mjakaranda ambao meza iliwekwa chini yake, na watoto waliopanga foleni kugusa goli jipya, Muriuki akiwa wa kwanza, miguu mitupu. Hakuna aliyeinua kichwa, kwa sababu dakika ya kimya haikatizwi. Dakika ikaisha sauti ikiwa katikati ya sentensi.

"Amina," Muriuki akasema. Alikuwa analia machozi ya kweli. Akatangaza kwamba ghorofa ya kwanza itakayojengwa hapo itaitwa Nzau.

Wavinya akaomba dakika nyingine.

"Pole sana, siz," Muriuki akamwambia kwa upole. "Hii kitu huwa ni moja tu."

Wakabeba jeneza, wakasogea kando ili lori la mchanga lipite.