Dripu ya Wiki ya Tatu

Tangu asubuhi Dobi alikuwa kwenye benchi la kliniki, kiganja kimebana ubavu wa kulia, pale sindano ilipopita. Miaka kumi na tisa alikuwa akifua mashuka ya hospitali hiyo hiyo.

Siku kumi na nane nyuma, daktari, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimwingizia sindano ndefu kwenye ini akauchoma uvimbe. Kisha alimweleza kwamba uvimbe ukishaungua, mabaki yake huuonyesha mwili sura ya adui. Askari wa mwili huamka, ila saratani ina ujanja wa kuwabembeleza walale tena. Ipo dawa ya dripu ya kuuzuia ujanja huo. Huenda askari wakauwinda hata uvimbe wake wa pili, wa pafuni, ambao sindano haikuufikia.

"Sikuahidi kupona, mama," alisema. "Lakini nafasi yako ndiyo hii. Wiki ya tatu isipite."

Dawa ilikuwepo. Dobi aliziona chupa mbili kwenye friji ya duka la dawa, zimebandikwa jina lake. Siku ya kumi na moja aliambiwa saini ya mkurugenzi bado. Siku ya kumi na nne mkurugenzi alikuwa semina. Jana daktari alikwenda kuulizia mwenyewe, akarudi macho mekundu, akasema amepewa uhamisho. Hakumtazama usoni.

Saa nne mkuu wa duka la dawa alimwita dirishani. Mdogo wake Dobi, aliyemsindikiza, akamshika kiwiko wakaenda.

"Zile chupa zimetumika wodi ya daraja la kwanza," bwana yule alisema, huku akipanga makopo yaliyokwisha kupangwa. "Mama mkwe wa mheshimiwa."

"Naye amechomwa uvimbe?"

"Hapana. Familia ilitaka apewe kila kilichopo."

"Zilikuwa na jina langu."

"Dada, jina ni karatasi. Linabanduka."

Mdogo wake alianza kufoka. Dobi akamfinya mkono anyamaze. Makoti meupe ya bwana huyu aliyafua yeye, akisugua madoa ya wino mifukoni mpaka yatoke. Alimwomba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msibani: labda kuna hospitali nyingine, labda kuna mzigo njiani, labda angeandikiwa hata barua. Akajibiwa asubiri miezi miwili, pengine mitatu.

"Askari wangu watakuwa wamelala."

"Askari gani?" aliuliza yule bwana, na dirisha likafungwa.

Kabla hawajafika mlangoni, karani wa kumbukumbu aliwaita. Alikuwa mama wa makamo, mpole, akawapa viti. Wafadhili wa matibabu yale walitaka ripoti, faili lifungwe leo. Dobi alijua kusoma. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: amemaliza tiba, amefariki, hakurudi.

Karani akashusha kalamu kwenye cha tatu.

"Mimi nipo hapa," Dobi alisema.

"Nakuona, mama." Akatia tiki, akamsogezea kidau cha wino. "Fomu inataka dole gumba, tafadhali."

Dobi alikibonyeza kidole kwenye karatasi. Kiliacha doa jeusi, laini, lisilo na mstari hata mmoja. Klorini ya kufulia ilikwisha kuifuta mistari yote. Karani aliliinamia doa lile kwa muda, akasema litatosha.