Vichwa Viwili, Mkeka Mmoja

Mwaka 1953 watu wa sinema walikuja kwetu Mkotokuyana na lori. Walitaka kutengeneza mchezo wa kesi ya uchawi, na kesi waliyoichagua ilikuwa ya mama yangu, Mwamini.

Kesi yenyewe ilikuwa ya miaka michache nyuma. Ufuta wa jirani yetu Mikidadi ulinyauka, wa mama ukastawi ng'ambo ya njia, na Mikidadi akamshitaki mama barazani kuwa ni mchawi. Liwali alisikiliza, akasema hakuna kesi. Tuliporudi kijijini wazee waliwakalisha wote wawili kwenye mkeka mmoja, mshitaki na mshitakiwa, wakanyolewa kwa wembe mmoja na maji ya bakuli moja. Neno likaisha. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: wakinyolewa wawili, wamepatana. Akinyolewa mmoja peke yake, huyo ndiye mchawi.

Mimi, Zaitun, nilikuwa nimeposwa Matambarale. Sinema ingeonyeshwa Nachingwea na Ruangwa, na wakwe zangu wangeitazama. Mama alipokubali kucheza mwenyewe, nilimwuliza kwa nini.

"Akicheza mwingine atanikosea," alisema.

Bwana Abdulatifu, mkalimani kutoka Dar es Salaam, alimletea ngozi ya mbuzi na pembe za kuning'iniza shingoni.

"Vaa hivi, mama."

"Vya nani?"

"Vya mchawi."

"Basi mpelekee mchawi. Mimi barazani nilivaa kanga yangu ya Idi, mpya."

Tukacheka. Mzungu mwenye kamera akacheka nasi bila kujua cha kuchekesha, akakubali kanga. Hakuwa mtu mbaya. Asubuhi, kabla ya kazi yoyote, alikuwa ameagiza wazee wapewe viti kivulini.

Ikafika sehemu ya kunyolewa. Mama akaketi mkekani peke yake. Aliyeshika wembe ni Benedikto wa Mnero, Mngoni, mtani wetu, yuleyule aliyenyoa siku ile.

"Mzomeeni!" Abdulatifu alituambia. "Pigeni kelele!"

Hakuna aliyezomea. Benedikto akaukunja wembe.

"Kichwa cha pili kiko wapi?"

"Kichwa gani?"

"Cha mshitaki. Mimi nilinyoa viwili."

Abdulatifu alizungumza na Mzungu, akarudi. "Bwana anasema mchezo unataka mkosaji mmoja. Wakiwa wawili, watazamaji wataelewaje?"

"Mwambie watazamaji ndio sisi," mama alisema. "Tukimwona mmoja, tutaelewa uongo."

Mzungu akatazama jua. Akasema kama hatutaki, atatafuta mwanamke mwingine kijiji cha mbele, na kesi itakuwa hiihii. Nikawafikiria wakwe zangu.

Mikidadi alikuwa amesimama nyuma yetu. Siku hizo alikuwa akisalisha msikitini, mtu wa heshima. Hakuna aliyegeuka kumtazama, maana tulijua ni jambo gani tungemwomba: aonekane mbele ya kila mtu kwamba alimsingizia jirani yake. Alikohoa. Akapita katikati yetu, akavua kofia.

"Mshitaki ni mimi," alimwambia Mzungu. "Bila mimi huna kesi."

"Njoo, mzee," alisema Benedikto, "ingawa kichwa chenyewe kina mabonde kama njia ya Ruangwa."

"Nyoa, Mngoni. Ninyi mnajua kula tu."

Kicheko kikawa kikubwa hata Mzungu akainua mikono, kisha akarudi nyuma ya kamera yake.

Baada ya mavuno sinema ilionyeshwa Nachingwea, kwenye shuka jeupe. Makosa yalikuwamo. Barazani zilipigwa ngoma, na sisi hatukusikia ngoma siku ile. Mama aliyataja makosa kwa sauti, moja baada ya jingine, na wakwe zangu, walioketi mbele yetu, walikuwa wakicheka. Mimi nilisimama pembeni kwa adabu ya mtu aliyeposwa, roho juu.

Halafu mkeka ukaonekana. Mikidadi anakuja kichwa wazi. Na mama, bila kuagizwa na mtu, anasogea kumpa nafasi, anapangusa vumbi mahali pake kwa upindo wa kanga.

Mama mkwe wangu alitazama mpaka wembe ulipopita vichwa vyote viwili. Kisha akageuka, akanitafuta kwa macho, akasogea kwenye mkeka wake, akapapasa pale palipobaki wazi.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Umesimama sana."