Kiberiti cha Mjumbe

Watu wa bonde lile walijua jambo moja kuhusu kiwanda: muwa ulioungua hauna foleni. Ukishapitiwa na moto haukawii kuchacha, kwa hiyo kiwanda huusaga kwanza. Mkulima aliyechoka kungoja zamu aliwasha shamba lake alfajiri, akajifanya hajui moto umetoka wapi, na kabla jua halijazama matrela yalikuwa yameshafika. Hila hiyo kila mtu aliijua, na waliokuwa hawajawahi kuifanya ni wavivu tu.

Kisha serikali ikaamuru petroli yote ichanganywe na ethanoli, ile spiriti ya miwa, na bonde zima likavimba kichwa. Kiwanda kikajenga mtambo mpya, kikawaita wajumbe wa wakulima, kikawapa soda na sharti: haya yatauzwa kama mafuta safi, na wanunuzi hawataki moshi. Kuanzia msimu huu muwa uliopita motoni hauchukuliwi, hata wa bure.

Mjumbe wa bonde la chini aliwakusanya watu wake akawaeleza. Alikosekana mdogo wake tu, yule waliyembandika jina la Chapuchapu, aliyekuwa hospitalini akimuuguza mama yao.

"Huyo niachieni mimi," Mjumbe alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Na kweli alikusudia kumwambia, tusimsingizie. Alikusudia mpaka alipopita kando ya shamba la mdogo wake, lile la mtoni, ambalo baba yao alimpa kitinda mimba, huku yeye mtoto wa kwanza akiachiwa kipande chenye mawe. Miwa ya Chapuchapu ilikuwa minene, imempita mtu kimo. Roho ilimuuma Mjumbe kama ilivyomuuma kila alipopita pale. Mtu aliyekosa mavuno yote na ana mgonjwa kitandani, atauza tu. Na mnunuzi hakuwa mbali.

Chapuchapu alirudi kesho yake jioni, macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake hata kabla ya kunawa uso.

"Shikamoo, kaka. Mama wanataka kumpasua, na wanasema tusichelewe. Zamu yangu ya kuvuna lini?"

"Marahaba. Bado sana, mdogo wangu. Mwisho wa msimu."

"Mama hafiki huko."

"Sasa mimi nikufundishe?" Mjumbe alitoa kiberiti mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha mdogo wake na kumfumba vidole. "La kufanya unalijua."

"Na wewe je?"

"Mimi nitangoja. Shida yako kubwa kuliko yangu."

Chapuchapu alimkumbatia akalia. Mjumbe alimpigapiga mgongoni huku akiwaza pampu ya maji ataifunga upande gani wa mto. Kuhusu mama yao, aliona atakwenda mwenyewe kuzungumza na madaktari, shamba likishapatikana.

Asubuhi mke wa Mjumbe alilalamika kwamba masizi yanaangukia nguo alizoanika. Mjumbe aliendelea na chai yake, akaiona tamu kuliko siku zote. Hakuwa ameimaliza Chapuchapu alipoingia uani, uso umejaa moshi, anacheka.

"Kaka, tayari! La kwangu limeungua lote. Nilifyeka mpakani moto usivuke kwako, halafu nikajiona mchoyo. Kaka anipe kiberiti chake, halafu yeye abaki nyuma? Nikawasha na la kwako. Tutatangulia pamoja!"

Mjumbe alikimbia na kandambili moja. Alikuta miwa yake imesimama myeusi, imevuliwa majani, chini bado kunafuka moshi. Majirani walikuwa wameshajaa, wameshika viuno.

"Chapuchapu, una wazimu?" dereva wa trekta alifoka. "Hukuambiwa muwa wa moto hauchukuliwi tena?"

Watu wote wakamgeukia Mjumbe. Angeweza kusema kweli pale pale, na aibu ingemwisha siku moja. Alitazama shamba lake, akatazama la mtoni.

"Nilimwambia," alisema. "Jana jioni, kwangu. Nilimsihi mpaka nikachoka. Oneni wenyewe alichonifanyia! Shamba lake ndilo litakalonilipa."

Chapuchapu alimkodolea macho kaka yake. Kaka yake hakuwahi kumdanganya, kwa hiyo alianza kujitafuta kosa mwenyewe, na watu walimwona akijitafuta.

"Labda aliniambia," alisema polepole. "Sijalala tangu mama alazwe. Kichwa kilikuwa hospitalini. Labda aliniambia, mimi nikasikia yangu."

Akatoa kiberiti, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Nisamehe, kaka."

Mjumbe alikipokea, akakitikisa kidogo asikie kama kuna njiti zilizobaki, akakitia mfukoni.