Mayai ya Jumamosi

Kwa miaka kumi na tisa muuguzi wa lishe alikaa chumba cha mwisho cha zahanati, bango la vyakula ukutani, mizani miguuni, akihubiri neno moja: mafuta ni adui. Ngozi ya kuku, tupa. Kiini cha yai, weka pembeni. Siagi, usiiguse. Wagonjwa walimbandika jina la Bi Chemsha, naye akacheka nao, maana aliamini anaokoa roho za watu.

Aliyemtii kuliko wote alikuwa baba yake, fundi viatu mstaafu. Moyo ulipoanza kumsumbua mzee, binti alirudi kuishi kwao akashika jiko. Miaka sita mzee akala vya kuchemsha. Mara moja tu alisukuma sahani taratibu. "Mwanangu, huyu kuku kafa mara mbili: kwanza kwa kisu, halafu kwenye sufuria yako." Mwaka jana akaaga dunia.

Ndipo ikaja semina. Mtafiti, mama mpole mwenye miwani, hakuzunguka mbuyu. "Mengine tuliyafanya sheria kabla hatujayapima vizuri. Mayai, kwa mfano. Kwa watu wengi, ushahidi wa kuyakataza haukuwa na nguvu kama tulivyotangaza."

Muuguzi akanyoosha mkono. "Na wale waliotutii?"

Mtafiti akavua miwani. "Hata mimi, dada yangu, nilimkataza mama yangu."

Muuguzi alifika nyumbani jioni, viatu hakuvua. Mama yake alikuwa akikunja nguo. Akamsimulia yote. "Nilimnyima bure. Yai tu, mama!"

Mama akaweka shati chini. "Hukumnyima. Jumamosi ukienda zamu, nilikuwa namkaangia mawili. Kwa siagi."

"Miaka yote sita?"

"Yote. Tukimaliza tunafungua madirisha, harufu itoke. Alisema nisikwambie, utavunjika moyo, na kazi yako unaipenda."

Muuguzi akakaa kitako. Mzigo ulimtoka kweli, lakini palepale ulipokuwa pakaingia kitu kingine. Jumamosi zaidi ya mia tatu baba yake alikuwa na furaha mezani, naye hakuwepo hata moja.

"Alikuwa anakulaje?"

"Anatoboa kiini kwa mkate, polepole, kama mtu anayefungua barua. Halafu anaimba."

"Baba? Anaimba?"

"Vibaya mno!" Mama alicheka, machozi yakimlengalenga.

Binti alijaribu kuisikia sauti ile. Kikohozi cha baba alikuwa nacho, hatua zake, nyundo yake ikigonga visigino. Wimbo hakuwa nao.

"Niimbie, mama. Hivyohivyo vibaya."

Mama akaanza, akapotelea katikati, maneno yamemtoka. Akarudi mwanzo. Akapotea tena palepale. Binti akasogea karibu, akasubiri aanze upya.