Magunia Tuliyoyageuza

Nimekuwa mtunza ghala miaka thelathini na moja, na humo ghalani nimeona panya aliyenona hadi paka akawa anampisha mlangoni kwa heshima. Ukikataa, shauri yako. Lakini haya ya magunia sikuyatia chumvi hata punje.

Dada yangu ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaokausha tangawizi. Miaka miwili walihangaika, mpaka wakapata mnunuzi wa ng'ambo. Akawaambia: leteni kontena moja, likiingia vizuri nitachukua manne kila mwaka. Wakati huo nchi yetu ilikuwa kwenye orodha ya nchi maskini kuliko zote, na mali ya maskini kule iliingia bila ushuru. Ila mwaka ukiisha tulikuwa tunatolewa kwenye orodha. Eti tumefuzu. Nilizunguka mtaa mzima nikimtafuta aliyefanya mtihani huo, sikumpata.

Kwa hiyo kontena lilipaswa kufika kabla ya mwaka kwisha. Wafadhili walituletea mtaalamu, akatufundisha siku tano mambo ya unyevu, ukungu na kunawa mikono. Tukapewa kofia na vyeti. Magunia hatukupewa, na yale mapya tuliyoagiza yalikuwa yamekwama bandarini yakisubiri mihuri.

"Kaka, meli inaondoka Alhamisi," dada akaniambia. "Niipakie tangawizi kwenye mikoba yetu?"

"Nami nipo hapa, unahofu nini?"

Kwenye ghala la zamani kulikuwa na magunia ya mahindi tuliyoletewa wakati wa mafuriko. Imara, yanabeba hata tembo akikunja miguu. Kasoro yake ilikuwa maandishi mekundu ubavuni: MSAADA KWA WAATHIRIKA. HAUUZWI. Nikayafua mara tatu, nikayageuza ndani nje, nikayashona upya. Ukiyaona ungesema yametoka kiwandani asubuhi ile. Kina mama wakanipigia vigelegele, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Wiki sita baadaye karani wa ofisi ya mauzo ya nje akatuita. Mama mmoja wa miwani mizito, meza yake imejaa mafaili hadi humwoni kidevu.

"Nani kawafundisha kuuza msaada?" akauliza.

"Msaada upi tena, mama?" dada akashangaa.

Ndipo akatueleza. Forodha ya kule walifungua gunia wapime tangawizi. Walipokunja mdomo wake, wakasoma. Kontena limezuiwa hadi tuthibitishe kwamba yale mahindi hayakuuzwa.

"Tuliyala," dada akasema.

"Ushahidi?"

"Miaka minne imepita," nikadakia. "Ushahidi ulitoka kesho yake asubuhi."

Karani alicheka, kisha akajikaza. "Mzee, usinichekeshe, hili ni zito. Wanataka kujua kwa nini yaligeuzwa. Wanasema anayegeuza ana lake analificha." Akainama, akashusha sauti. "Andika tu kwamba fundi alikosea kushona. Yataisha upesi."

Dada akanikanyaga mguu chini ya meza: andika hivyo. Mimi, ambaye uongo hunitoka kama pumzi, kalamu ikaniwia nzito. Nikaona nikisema fundi alikosea magunia mia tatu na hamsini, watatucheka mbele ya dunia nzima. Nikaandika: *Ndiyo, nilificha. Niliona aibu tangawizi nzuri namna ile kuvaa nguo ya ombaomba.*

Njia nzima dada alitembea hatua kumi mbele yangu.

Barua yangu ikaenda forodhani, forodha wakaipeleka kwa waliotoa mahindi, nao wakaanza kusaka daftari la mgao. Mwaka ukaisha wakiwa bado wanasaka. Wiki ya pili ya Januari ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: hatuna kosa, kontena limeachiwa. Chini yake mstari mwingine: ushuru wote utalipwa. Na chini kabisa, mnunuzi anashukuru, hataendelea.

Nikaenda kwenye banda la kukaushia. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye vigoda, visu vinacheza, matrei yamejaa mavuno mapya.

"Chumvi huyo!" wakaniita. "Haya, tupe uongo wa leo!"

"Kontena limeachiwa," nikasema, "ila mnunuzi ametukimbia."

Wakaangua kicheko. Mmoja akajifuta machozi kwa kanga, akasema mwaka huu nimeuanza kwa kishindo. Nikampa dada simu.

Akasoma. Akasoma tena, kidole kikifuata maneno. Mimi nilikuwa nawaza fundi yule wa kubuni, kama angeandikwa, kontena lingekuwa wapi.

Kicheko kikafifia chenyewe. Dada alinirudishia simu bila kuniangalia, akachukua tangawizi na kisu.

Tangawizi ya kupanda meli hukatwa vipande vyembamba, vikauke kama karatasi. Kwa soko la hapa kwetu hakuna anayejali.

"Kateni vinene," akawaambia.

Wakamwangalia, visu vikiwa hewani.