Kinga ya Kalombo na Mwaka wa Masomo

Kinga ya Kalombo iliingia shuleni kwa sababu ya bukari, ule ugali wetu wa mahindi. Na kinga, huku kwetu Kamina, ni kile chombo chenye magurudumu mawili. Watu wa mbali wakiiita baiskeli, hatuwakatazi.

Mwalimu Mujinga, mke wa Kalombo, alitaka kupita kwenye kinu cha kusagia mahindi akitoka kazini. Akaiegemeza kinga ndani ya kalasi, kwa maana mwaka ule wa vita kinga iliyoachwa nje ilikuwa inajitafutia mwenyewe mwingine. Watoto tisini na wanne wakaigeukia. Ubaoni kulikuwa na maneno ya Kifaransa, hakuna aliyeyaona. Mujinga alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile, alijua saa ya kupigana na saa ya kuhamia upande wa wenye nguvu. Akafuta ubao, akaipindua kinga magurudumu juu, akasema, "Haya. Muhesabu hizi nyuzi za chuma."

Walikuwa tisini na wanne kwa sababu vita ilikuwa imeondoa walimu wawili, mmoja kwenda Zambia na mwingine kwenda jeshini, halafu ikaleta watoto wa Kabalo na Manono, waliofika kwa miguu na mama zao. Direkta Abner alichukua kalasi tatu akazifanya moja, akampa Mujinga, akamwambia kwamba Mungu atasaidia. Vitabu vilivyobaki vilikuwa vitatu, na kimoja kilikuwa cha mapishi.

Basi kinga ikawa kitabu cha nne. Nyuzi za gurudumu ni thelathini na sita: zigawe kwa nne, zigawe kwa sita, hesabu hiyo. Mujinga alifunga kitambaa chekundu kwenye uzi mmoja. Kila kikipita juu, gurudumu limezunguka mara moja, na kila mzunguko ni metre mbili na sentimetre ishirini. Ukisukuma kinga mpaka Kabongo utapita vijiji gani, utavuka maji gani? Jiografia. Mpira unabeba mtu mzima na ndani hamna kitu, upepo tu. Hiyo ni sayansi. Kwa historia waliitwa wazee watatu waeleze nani alileta kinga ya kwanza Kamina. Wakabishana mpaka mzee Ézéchias akainua fimbo, ikabidi somo ligeuke uraia.

Mtu mmoja tu hakufurahi. "Miye nilikuoa weye," Kalombo alimwambia mkewe. "Kinga yangu haikuolewa na masomo."

"Inarudiaka kila mangaribi, bwana wangu. Bibi bengine habarudiake."

"Ikuwe. Lakini muntu asiipande. Nikisikia mutoto moja amepanda, inabakia ku nyumba."

Wakapatana hivyo. Watoto waliisukuma, waliipima, waliifungua nati na kuzirudisha, lakini hakuna aliyeipanda.

Ndipo habari ikafika kwamba inspekta mpya atapita. Shule atakayoitia saini, mwaka wake utahesabika. Ile atakayoikataa, mwaka mweupe: watoto wote waanze tena pale pale. Kwa watoto wa Kabalo ungekuwa mwaka mweupe wa pili. Ndaya, msichana wao mrefu kuliko wote, alikuwa amesharefuka mpaka magoti hayaingii chini ya meza. "Mwalimu," alisema, "nikianza tena, nitamaliza primaire na mvi."

Mujinga alicheka, kisha akaweka tofali chini ya kila mguu wa meza ya Ndaya.

Asubuhi ya ukaguzi direkta Abner aliichukua kinga akaifungia bironi, ofisini mwake. Jurnali, lile daftari ambamo mwalimu anaandika kila somo la kila siku, hakuweza kulificha, maana kurasa zake zilikuwa na namba na muhuri.

Inspekta Feruzi alifika kwa miguu. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Kasongo, vita ikamfukuza, na Kamina alikuwa na majuma matatu tu. Kiswahili chake kilikuwa cha Maniema, kilichopigwa pasi. Alikaa, akavaa miwani, akafungua jurnali.

"Kinga," alisoma. Akafunua. "Kinga. Kinga tena. Bi mwalimu, mwezi mzima mnasoma kinga?"

"Njo vile, bwana inspekta. Ndani ya kila somo."

"Hesabu, kinga. Jiografia, kinga. Na dini pia?"

"Mule njo inaingiaka muzuri zaidi."

Inspekta akavua miwani, macho yamemlainika. "Mungu awabariki. Wizara inalia kila siku: wakingeni watoto na surua, wakingeni na polio. Shule zote nilizopita hazina habari. Na ninyi hapa, vita mlangoni, mmetia kinga hata kwenye hesabu."

Mujinga akafungua mdomo. Nyuma ya inspekta, direkta Abner akamkonyeza kwa macho yote mawili, kama mtu aliyeuma pilipili. Mujinga akaufunga mdomo. Alijiambia kwamba hajadanganya mtu, amenyamaza tu, na kunyamaza ndicho kitu anachowaomba watoto tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Lakini inspekta naye alikuwa mwalimu zamani, hakuweza kuondoka bila kuuliza. "Nani ataniambia faida ya kinga?"

Ndaya akasimama. "Inabeba gunia mbili za mahindi."

"Unataka kusema inaleta nguvu mwilini."

"Kama gunia iko tatu, unasukuma tu."

Inspekta akakohoa kidogo. "Na mtoto asiye na kinga, hupatwa na nini?"

"Anatembea na mukulu." Akaangalia miguu ya mgeni, viatu vyekundu kwa vumbi. "Sawa weye."

"Sikiliza, binti yangu. Kinga hutolewa kwa sindano, sivyo?"

"Apana, bwana inspekta. Sindano inaitoboaka. Yenyewe inapenda pompi."

Kalasi nzima ikaitikia kwamba ndiyo, pompi. Direkta Abner alikuwa ameanza kuangalia dari.

"Hiyo kinga umeiona wapi?"

"Iko ku biro ya direkta. Ameifunika na kitenge ya bibi yake."

Ikaletwa, na kitenge chake. Inspekta aliizunguka mara moja. "Hii ni baiskeli."

"Njo kinga," wakajibu watoto tisini na wanne, kwa upole, kama mtu anavyomsaidia mgeni.

"Bi Mujinga. Ulijua kwamba sijaelewa?"

"Nilijua wakati ulitaja surua."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unafurahi, bwana inspekta. Nikaona haya kukukatia."

Hakucheka. Alitoa karatasi yake ya ukaguzi, yenye mistari saba, somo na mstari wake. "Basi nitapima moja moja. Likikosekana hata moja, sitii saini."

Mujinga akakaza kitambaa cha kichwa. Inspekta akaanza na hesabu: kutoka shuleni mpaka gare, kituo cha treni, gurudumu linazunguka mara ngapi? Mara elfu moja, wakajibu watoto, tulihesabu sisi benyewe. Basi ni metre ngapi? Ndaya akaandika ubaoni, elfu mbili na mia mbili. Inspekta akarudia hesabu kwenye kiganja chake, akaandika. Jiografia akaandika. Sayansi akaandika. Kwenye historia wakambishia, akaandika vilevile. Kifaransa wakamtajia usukani, kiti na mnyororo. Kwenye dini, mtoto mmoja alisema Msamaria mwema angekuwa na kinga angefika mbele ya wezi, na inspekta akaandika neno kwa neno.

Kalamu ikafika mstari wa saba. "Gimnastiki."

Mujinga akafunua kurasa moja baada ya nyingine. Katika jurnali mstari ule ulikuwa mtupu kila siku, kwa ajili ya kumheshimu Kalombo.

"Hakuna anayeipanda?" aliuliza inspekta.

"Bwana yangu amekataza batoto."

"Basi gimnastiki haipo." Akaanza kufunga kalamu.

"Utuonyeshe weye," alisema Ndaya. "Weye hauko mutoto."

Inspekta akatazama chini. "Mimi sijui kupanda," alisema polepole. "Kasongo hadi hapa nimetembea siku arobaini, watu wakinipita."

Mujinga akaona upenyo, akaingia humo mzima mzima, na makalio yake. "Eh, kumbe mwanafunzi tuko naye. Batoto, mutoke inje. Banne bakamate kiti, bengine bapige makofi. Bwana inspekta, uangalie mbele, usiangalie mukulu."

Alikwenda akiyumba, akiita Bismillahi kila hatua, watoto wakikimbia nyuma yake. Katikati ya uwanja wakamwachia bila kumwambia. Akaenda peke yake, mgongo umenyooka kama mshumaa, moja kwa moja mpaka kwenye rundo la matofali ya nyumba ya direkta.

Alipoinuka, suruali ilikuwa imechanika gotini. Hakuuliza habari za goti. "Nilikwenda peke yangu umbali gani?"

"Kitambaa kimepita juu mara kumi," alisema Ndaya.

"Metre ishirini na mbili," alisema inspekta mwenyewe, kabla mtu hajamsaidia. Akaomba karatasi, akaandika mstari wa saba kwa mkono uliochubuka, akatia saini chini, pana kuliko nafasi iliyokuwepo.

Mangaribi Kalombo alikuta kinga yake mlangoni. Akapapasa gurudumu la mbele, lililopinda.

"Mutoto amepanda."

"Hata moja. Ni mukubwa wa serikali njo amepanda."

"Na mwaka?"

"Umehesabika," alisema Mujinga, akisonga bukari. "Bote tisini na banne bamepita. Ni gurudumu ya mbele tu njo itarudilia kalasi."