Watu, Uchumi, Serikali

Mkalimani hasemi "anasema". Hilo ndilo la kwanza tulilofundishwa. Mtu akisema "nina njaa", na wewe unasema kwa Kiingereza "nina njaa", hata kama umetoka kula sasa hivi. Unamwazima mdomo wako, basi. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo miaka minne, siku mbili kwa wiki. Siku nyingine nilihudumia wazee katika nyumba ya wazee kule Ilford, London. Sikuwahi kuona uzito wa sheria hiyo mpaka Jumanne moja ya Novemba, mwaka 2003.

Chumba kilikuwa Croydon, hakina dirisha. Afisa wa uhamiaji alikuwa Mhindi wa Neasden, Bwana Pravin, mtu mpole mwenye kikohozi. Mwombaji hifadhi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Kiingereza chake kidogo sana. Kwenye faili aliitwa Faki Kombo, wa Wete, Pemba. Mimi pia ni mtu wa Wete. Niliulizwa kama namjua, nikasema simjui, na ilikuwa kweli. Wete ni mji. Huwezi kumjua kila mtu.

Siku zile walikuwepo watu wa bara waliojifanya Wazanzibari ili wapate kukaa, kwa hiyo Bwana Pravin alikuwa na orodha ya maswali ya kuwapima.

"Nani anaongoza mtaa wenu?"

"Sheha," kijana alijibu. "Wetu anajua hata kuku wa nani ametaga jana. Ukilaza mgeni, asubuhi sheha anakuja kumwuliza amelalaje."

Nikacheka, na sikutakiwa kucheka. Nilipotafsiri, Bwana Pravin naye akacheka, akasema mama yake angeifaa sana kazi hiyo. Kijana aliendelea vizuri. Rais wetu wenyewe, mbali na wa Muungano. Baraza la Wawakilishi. Watu karibu milioni moja. Nilijisikia kama nimerudi darasani skuli, nimekaa karibu na mwanafunzi hodari.

"Na watu wa Pemba wanaishi kwa nini?"

"Karafuu. Ukishazikausha unapeleka kwa shirika la serikali, mnunuzi mwingine hakuna. Bei wanapanga wao. Ndiyo maana wengine wanazivusha usiku kwenda Mombasa, na wakikamatwa, jela."

"Umewahi kuchuma mwenyewe?"

"Tangu mtoto."

"Nionyeshe."

Kijana akainua mikono. Kwa kidole gumba na cha shahada akachuma moja, akaizungusha kidogo, akaitia kwenye kikapu kisichoonekana kiunoni. Akachuma nyingine. Na nyingine. Bwana Pravin akaandika.

Mimi nikabaki kumtazama mikono. Kwetu karafuu inavunjwa kichala kizima juu ya mti. Jioni ndipo mnapokaa chini, watoto kwa wakubwa, mnazichambua kwa kuzipindisha kwenye kiganja. Ukichuma mojamoja utakaa mtini mpaka Idi. Lakini mikono ile niliwahi kuiona. Mwenzangu wa nyumba ya wazee, Sesilia, mtu wa Machame, Kilimanjaro, aliwahi kunionyesha hivyo hivyo jikoni jinsi kwao wanavyochuma kahawa.

Nikajua huyu si wa kwetu. Lakini kazi yangu ilikuwa maneno. Mikono haitafsiriwi.

"Kwa nini uliondoka?" Bwana Pravin aliuliza.

"Kaka yangu aliuawa."

"Kaka yangu aliuawa," nikasema kwa Kiingereza.

"Aliitwa nani?"

"Shaame. Alikuwa karani wa mizani, kituo cha kununulia karafuu. Siku ya zile fujo za baada ya uchaguzi alitoka kwenda kumwanulia jirani karafuu zake, bibi mmoja mjane, kwa sababu wingu lilitanda. Alikuwa anarudi na jamvi kichwani. Risasi ikampata njiani, jamvi likamwangukia likamfunika. Watu walipita mpaka alasiri, wanadhani ni jamvi tu limedondoka."

Bwana Pravin aliinua kalamu, akanisubiri.

"Mkalimani?" Bwana Pravin aliniita. "Unahitaji maji?"

Shaame ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Habari zake nilizipokea kwa simu, ghorofa ya nne, Ilford, nikakaa tanga siku tatu mbali na watu wote waliomjua. Habari ya jamvi niliisimulia mara moja tu, kwa mtu mmoja, aliyenijia na sufuria ya wali akaniosha vyombo siku zote tatu. Sesilia.

Nikasema sihitaji maji, nikatafsiri. Kaka yangu, Shaame, mizani, wingu, jamvi. Kwa miaka karibu mitatu sikuwahi kuyasema hayo kwa Kiingereza; kazini nilisema tu nina matatizo ya nyumbani. Sasa yalitoka yamepangika, bila kukwama.

Bwana Pravin aliteremsha sauti. "Alikwambia neno lolote kabla hajafa?"

Kijana alifikiri. "Aliniita jina langu," akasema. "Akaniambia, mtunze mama."

Hapo sikuweza. Shaame alikufa peke yake chini ya jamvi. Na mama yetu alikuwa ameshafariki miaka sita kabla yake.

Nikamwambia afisa, "Siwezi kuendelea. Huyu marehemu ni kaka yangu."

Bwana Pravin aliweka kalamu chini. Alinitazama, akamtazama kijana. "Ulisema humjui."

"Simjui."

"Lakini kama kaka yake ni kaka yako, basi ninyi ni ndugu?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nikisema ndiyo, kijana huenda angekaa London, na Shaame angekuwa ameacha mdogo asiyezaliwa na wosia asioutoa. Nikisema hapana, nilikuwa namrudisha mtu kwao kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mwulize yeye," nikasema.

Bwana Pravin alisema mahojiano yamevunjika, ila jibu hilo lazima aliandike. Nikamgeukia kijana. "Anauliza, mwanamke huyu ni dada yako?"

"Kwa nini anauliza hivyo?"

"Kwa sababu Shaame ni wangu."

Alinitazama usoni. Kisha akasema taratibu, "Dada Sheikha? Wewe ndiye dada Sheikha wa Sesilia?"

"Jibu swali, kijana. Anasubiri."

"Mungu wangu. Dada, hakuniambia unafanya kazi hapa. Mimi..."

"Jibu."

Aliitazama mikono yake mezani. "Hapana," akasema. "Si dada yangu. Marehemu ni wake. Mimi kaka zangu wote wazima. Jina langu ni Fanuel."

Nikatafsiri kama nilivyofundishwa. "Si dada yangu. Marehemu ni wake. Mimi kaka zangu wote wazima. Jina langu ni Fanuel."

Kesho yake nilimkuta Sesilia chumba cha kufulia, anakunja mashuka. Hakuniamkia.

"Ni mdogo wangu wa mwisho, Sheikha. Walikuwa wanamrudisha. Ningefanya nini?"

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Sikujua, na mpaka leo sijui. Nikashika ncha mbili za shuka, yeye akashika mbili, tukalikunja. Baadaye akatoa karatasi mfukoni mwa aproni, akanipa. Ilikuwa ya daftari, mwandiko wake, na vichwa vitatu: Watu, Uchumi, Serikali. Chini ya Serikali, sheha na Baraza. Chini ya Uchumi, karafuu na shirika na magendo. Chini ya Watu ilikuwepo idadi yetu, kisha mtu mmoja tu: Shaame, karani wa mizani, mcheshi, hapunji mtu, alikuwa anaimba akipima. Yalikuwa maneno yangu, kama nilivyoyasema nikilia.

Fanuel alirudishwa Februari. Cheti cha kifo cha kaka yangu hatukupata. Kila tulipokwenda kukiomba tuliambiwa turudi. Karatasi ya Sesilia ninayo. Sina nyingine yenye jina la Shaame.